Kitabu cha Nne

Watu wakiniuliza Mwalimu alikuwa mtu wa namna gani, naanza na mashuka, kwa sababu nikianzia kwingine najikanganya mwenyewe. Sebuleni kwake, pale Husby, pembeni mwa Stockholm, orofa ya tatu, palikuwa na kamba nne za nguo zilizofungwa kutoka dirishani mpaka kwenye kabati la vitabu, na majira yote ya baridi kamba hizo zilibeba mashuka mabichi. Ukitaka kukaa kwenye kochi, unainama. Ukitaka kumwona mwenzako aliyekaa upande wa pili, unasogeza shuka. Nilipoyaona mara ya kwanza nilidhani maskini amekosa zamu ya kufua, maana chumba cha kufulia kilikuwa kimoja kwa jengo zima na zamu iliandikwa ubaoni siku nyingi kabla. Kumbe alikuwa na zamu nyingi kuliko familia yenye watoto watano. Alikuwa akifua mashuka safi, akiyaanika yakidondoka maji, na yakishakauka anayashusha kuyafua tena.

Yote yalikuwa kwa ajili ya nyuzi. Mwalimu alikuwa na fidla kubwa za kushikwa katikati ya magoti, ambazo Waswidi huziita gamba, na ala nyingine yenye tumbo la mviringo aliyoiita luti. Nyuzi zake zote zilikuwa za utumbo wa kondoo, na utumbo wa kondoo hauvumilii joto la mabomba ya ukutani mwezi wa Januari. Hewa ikikauka, nyuzi hupoteza sauti, kisha hukatika. Basi mtu mwenye suti moja na mashati mawili alifua kama hospitali, ili utumbo wa kondoo usione kiu. Jirani wa chini, Mswidi, alimsifu kwangu kwamba hajapata kuona mwanamume msafi namna ile. Sikumwambia ukweli, kwa sababu wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa sijaukubali.

Muziki wenyewe ulikuwa wa Waingereza wa kale. Sisemi tenzi za kanisani tulizolelewa nazo sisi wa Kisauni, Mombasa. Ni wa kale zaidi ya hapo: nyimbo za watawa na wachunga kondoo wa miaka mia saba iliyopita, na vipande vya luti na gamba vya wakati wafalme walipovaa kola pana kama sahani. Theluji ikiwa imefika kwenye viti vya baiskeli, yeye alikaa chini ya mashuka yake akaimba kuhusu ndege na majani mapya. Mtu wa Uganda, aliyekimbia kwao na begi moja, anaishi Stockholm, anaimba majira ya kuchipua ya nchi ambayo hajawahi kuikanyaga. Nilimwuliza kwa nini. Akaniambia, "Kwa sababu ni nyimbo nzuri, Mama Neema," kama vile nimemwuliza kwa nini anakunywa maji.

Alikuwa amefundisha sekondari huko kwao. Hapa alisafisha shule moja upande wa Kista. Kila siku alikuwa bado anaingia darasani, ila baada ya watoto kutoka, akisukuma kigari cha ndoo na mifagio. Hakuona haya kwa hilo, au kama aliona hakuonyesha. Sote tulimwita Mwalimu, hata wasimamizi wake Waswidi walimwita hivyo wakidhani ndilo jina lake.

Tulijuana katika chumba cha kufulia. Alinikuta nikikunja nguo za mwanangu, tukasalimiana, tukazungumza bei ya mchele. Wiki ya tatu akaniuliza, "Mama Neema, unajua kuhesabu?"

Nikamwambia shuleni hesabu zilikuwa ndiyo silaha yangu.

"Basi njoo Jumamosi saa nane. Nina gamba moja haina mtu."

Nilikwenda kwa udadisi, nikabaki miaka mitano. Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. Neema, aliyekuwa na miaka minne, alinisikiliza nikijifunza jikoni, akaniambia kwa Kiswidi kwamba inalia kama ng'ombe.

Tulikuwa wanne. Bibi Ingegerd alikuwa Mswidi, muuguzi mstaafu aliyefanya kazi misheni huko Bukoba kwa miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Faustin alikuwa Mkongo wa Bukavu, dereva wa basi, mtu wa maneno mengi na kofia ya kazi isiyomtoka kichwani. Mimi. Na Mwalimu. Fikiria watu hao wamekaa Husby katikati ya mashuka, wakicheza muziki wa Waingereza waliokufa zamani, wakigombana kwa Kiswahili. Nikiwasimulia wenzangu kazini, waliniangalia kwa huruma.

Kiswahili hicho nacho kilinichanganya. Waganda wengi niliowajua hapa hawakukipenda. Waliniambia wazi kwamba kwao ilikuwa lugha ya askari waliokuja kugonga milango, na tukikutana nao tulizungumza Kiingereza. Mwalimu alikimbia askari haohao, lakini kwake ukianza na Kiingereza anakujibu kwa Kiswahili cha kitabuni, polepole, mpaka unachoka unarudi. Nilimwuliza na hilo. "Kiingereza nimekiweka kwa ajili ya nyimbo," alisema. "Nikikitumia kuulizia basi kitachakaa." Waingereza wenyewe hakuwataka. Mwaka mmoja Bibi Ingegerd alitaka kumlipia safari ya London akaone maktaba zenye vitabu vya muziki wake. Akakataa, tena kwa hasira, akanuna Jumamosi mbili.

Hata juu ya luti yake tuligombana. Mjomba wangu Mombasa alikuwa mpiga udi wa taarabu, nimekua nikiuona udi umetundikwa ukutani, na nilipoiona luti nikamwambia, huu ni udi, ila umevunjika shingo. Maana kichwa cha luti kimekunjwa kurudi nyuma kabisa. Akasema luti imetoka kwa Waarabu, ni mtoto wa udi, kwa hiyo mimi ndiye niliye karibu na muziki huu kuliko Waingereza. Nilifurahi mno. Jumamosi iliyofuata nilimkumbusha hayo, akasema hajawahi kusema kitu cha kipuuzi namna hiyo.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alituhubiria subira, na yeye mwenyewe alipiga teke kiti uzi ukimkatikia. Nusu ya muda wetu ilikwisha akikaza nyuzi, sikio juu ya ala, anakaza, analegeza, anakaza. Faustin ndiye aliyekuwa akichoka mapema.

"Bon, Mwalimu, tutaanza lini? Miye niko na basi saa kumi."

"Tumeshaanza," Mwalimu alimjibu bila kuinua kichwa.

Mama yangu alipofariki Mombasa nami sikuweza kusafiri, watu walijaa nyumbani kwangu na vyakula na pole zao, nikawashukuru. Yeye alikuja siku ya tatu, watu walipokwisha kuondoka, amebeba luti ndani ya blanketi. Akakaa kwenye kiti cha jikoni. Akakaza nyuzi kama nusu saa, nami naosha vyombo. Kisha akapiga wimbo mmoja, mfupi, akafunga luti yake akaenda. Hakusema pole. Nililia siku ile kuliko siku niliyopigiwa simu, na sijui hadi leo kama nililia kwa wimbo au kwa hasira ya kunyimwa pole.

Sasa niseme juu ya vitabu, maana bila vitabu haya mengine hayana maana. Muziki ule haukuandikwa kama wa kwaya, sauti zote kwenye ukurasa mmoja. Kila sauti ina kitabu chake. Mimi nina changu, Faustin ana chake, na hakuna anayeona kipande kizima. Hakuna hata mistari ya kugawa hesabu. Ukipotea umepotea, unakaa kimya kama mjinga mpaka mwisho. Kwa hiyo Mwalimu alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila Jumamosi: "Cheza kitabu chako." Kumchungulia mwenzako kwake ilikuwa sawa na kuiba. Ukisahau kitabu nyumbani, hukai. Unarudi kukichukua, hata kama unaishi Hässelby na treni inachukua saa nzima.

Kulikuwa na kipande kimoja cha sauti nne alichokipenda kuliko vyote. Alikuwa na nakala za vitabu vitatu tu. Cha nne kilipotea karne nyingi zilizopita, na hakuna anayejua sauti ya nne ilisema nini. Kitabu hicho cha nne ndicho kilichokuwa changu. Mwalimu alikuwa akikiandika mwenyewe, kwa kalamu, kwenye daftari lenye jalada la kijani. Kila baada ya miezi kadhaa aliniletea sauti mpya, tukacheza, naye akasikiliza ameinamisha kichwa. Tukimaliza anasema, "Siyo." Basi. Anachana ukurasa, anakwenda kuandika mwingine. Alikuwa ameanza kazi hiyo kabla hajatoka Uganda. Bibi Ingegerd alinieleza kwamba katika begi lile moja alilotoka nalo mlikuwa na nakala za vitabu vitatu na shati la kubadilisha.

Alivipata wapi? Mimi aliniambia alipewa na padri Mwingereza aliyemfundisha muziki. Faustin alimwambia muziki huu alijifunzia hapahapa, akisikiliza redio majira mawili ya baridi alipokuwa hana kazi. Bibi Ingegerd alimwambia kwamba vitabu na ala vilikuwa vya mkewe, na kwamba mke ndiye aliyeanza kuitafuta sauti ya nne. Siku moja tukiwa watatu tulikutanisha maneno hayo, tukaona hayakai pamoja hata kidogo. Hatukujua hata kama alikuwa na mke. Faustin akamwuliza waziwazi, Mkongo yule hakuogopa. Mwalimu akajibu, "Kila mtu nimempa chake," akarudi kwenye nyuzi.

Katika mwaka wangu wa tano Bibi Ingegerd alitutafutia nafasi ya kucheza kwenye ukumbi wa parokia yake, majira ya kuchipua. Watu arobaini hivi, kahawa na keki. Mwalimu akasema kipande cha sauti nne lazima kiwe tayari siku hiyo, au hatutacheza kabisa. Nilimwona akikonda. Aliacha kula mchana. Aliniambia katika chumba cha kufulia, huku mashine zikizunguka, "Mama Neema, nikiipata sauti hiyo nitalala." Niliogopa kumwuliza amekosa usingizi tangu lini.

Jumamosi mbili kabla ya siku yenyewe nikasahau daftari la kijani kwenye treni. Nilitoka kazini moja kwa moja, nimechoka, nikashuka Husby, milango ikafungwa, daftari likaenda zake. Nilisimama pale kituoni nikitaka kulia. Ndani yake mlikuwa na sauti mpya aliyoiandika wiki nzima. Ningemwambia ukweli yangekwisha. Badala yake nilifanya kitu ambacho mpaka leo kinanitia aibu: ndani ya mkoba wangu mlikuwa na daftari la hesabu la Neema, nalo lina jalada la kijani. Nikalifungua mbele yangu kana kwamba ndilo.

Tukaanza. Mpango wangu ulikuwa kukaa kimya na kujifanya nimepotea. Lakini Faustin alikaa ubavuni pangu, kitabu chake, cha tatu, kiko wazi, na gamba yake na yangu ni za ukubwa mmoja. Nikaona bora nicheze noti zake kuliko kukaa kimya. Nilichelewa kuanza kwa sababu shuka lilinizuia nisione. Nilipolisogeza, Faustin alikuwa ameshatangulia hesabu sita. Nikaanzia mwanzo wa ukurasa wake, nikamfuata hivyohivyo, yeye mbele, mimi nyuma, hesabu sita, nikisubiri Mwalimu atusimamishe.

Hakutusimamisha. Sina maneno ya muziki ya kueleza kilichotokea. Ninachojua ni kwamba kila Faustin alipotoka mahali, mimi niliingia, na pale palipokuwa na pengo siku zote hapakuwa na pengo tena. Bibi Ingegerd aligeuza shingo kunitazama huku bado anacheza. Wenzangu walimaliza, mimi nikabaki na hesabu zangu sita za mwisho, nikazicheza peke yangu.

Mwalimu akaja akasimama nyuma yangu, akaona mbele yangu saba mara nane kwa mwandiko wa mtoto.

"Umecheza kitabu cha mwenzako," akasema.

"Nisamehe, Mwalimu. Changu nimekiacha kwenye treni."

"Lakini umesikia?" Bibi Ingegerd alimwuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mwalimu, umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi tucheze tena."

"Nendeni nyumbani. Wote."

Hakupiga kelele. Alianza kuanua mashuka, bado mabichi, moja moja, na kuyakunja, nasi tukasimama na ala zetu mikononi hatujui pa kuziweka. Niliona haya, kisha nikiwa kwenye ngazi haya ikageuka hasira. Miaka mitano nimecheza kila alichoniandikia, akasema siyo, nikacheza kingine. Kosa moja, nafukuzwa kama mwizi. Ukumbi wa parokia ulikunywa kahawa bila sisi. Sikurudi, na yeye hakuniita. Muda si mrefu akahamia Rissne. Faustin alikuwa akimwona mara mojamoja. "Anapandaka basi yangu," aliniambia, "anakaa nyuma kabisa, ananisalimia muzuri, lakini ukimuuliza muziki anaangalia inje."

Siku zile nilikuwa nafanya kazi Hässelby, nyumba ya wazee, upande wa wagonjwa wa kiharusi. Mwaka ulikuwa wa mwisho mwisho wa miaka ya themanini. Asubuhi moja ya Novemba nikapewa chumba kipya, nikafungua mlango na beseni mkononi, nikamkuta Mwalimu.

Upande wa kulia wa mwili wake ulikuwa umelala wote. Maneno yalikuwa yamemwagika: Kiganda, Kiswahili, Kiswidi, neno hapa neno pale, hakuna sentensi. Alinitambua, hilo nina hakika, kwa sababu alianza kulia, na mimi nikaanza, nikaweka beseni chini. Nilimwuliza kama anataka maji. Akasema kitu kama "Jumamosi". Nilimwuliza kama anasikia maumivu. Akasema "Jumamosi" tena, akakasirika, akapiga blanketi kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumwambia siku nitakayokutana naye, makali mengine, na hayakuwa na mahali pa kwenda.

Luti yake ilikuwa juu ya kabati; nilikuja kujua baadaye kwamba Bibi Ingegerd ndiye aliyeileta. Nyuzi tatu zilikuwa zimekatika. Mabomba yalikuwa yanaunguza chumba. Sikufikiri, nilichukua shuka moja kwenye rafu, nikalilowesha bafuni, nikalitandaza juu ya bomba la joto. Akaacha kupiga blanketi.

Kisha akanyoosha kidole kwenye droo. Mlikuwa na vitabu vyote vinne. Vitatu nilivijua. Cha nne kilikuwa daftari jipya, na niliponyanyua jalada nilikuta kurasa tupu, isipokuwa wa kwanza. Pale juu alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa kabla ya ugonjwa, ule ulionyooka: *Hakikupotea. Fuata cha tatu. Ngoja sita.*

Nilikaa kitandani pake. Bibi Ingegerd aliniambia baadaye, kwa utulivu wake wa kimisheni, kwamba watu wa zamani waliandika hivyo mara nyingi: wimbo mmoja, watu wawili, mmoja anaanza na mwingine anamfuata, na hakuna haja ya kitabu cha pili. Wachunga kondoo wa Mwalimu waliimba hivyo. Alizijua nyimbo za namna hiyo nyingi, alitufundisha baadhi. Sasa hapo ndipo ninapokwama kabisa. Alipataje kutafuta miaka yote ile kitu alichokuwa nacho mkononi? Na siku ile ya daftari la Neema alikwisha kuelewa pale pale, au alielewa Rissne, peke yake, na asinipigie simu? Kama alielewa pale pale, ile hasira ilikuwa ya nani? Niliutazama wino kama utanieleza. Nilimwuliza yeye pia, kwa sauti, nikijua hawezi kujibu. Akatikisa kichwa, na sikujua ni ndiyo au siyo.

Alichukua kitabu cha Faustin kwa mkono wake mzima, akakisukuma juu ya blanketi mpaka magotini pangu. Mtu yule. Akakifungua yeye mwenyewe, akaniwekea mbele cha mwenzangu.

Halafu akaimba. Tulifundishwa kazini kwamba wagonjwa wa namna hii hupoteza maneno na kubaki na nyimbo, lakini kufundishwa ni kitu kimoja. Aliimba bila maneno, sauti nyembamba, mdomo umepinda, na hakuna noti hata moja iliyokosea. Nilikuwa bado namshangaa alipoinua kidevu kuniangalia, jinsi alivyokuwa akituingiza kila mmoja wetu wakati wake, na nikaingia.

Tulikuwa wawili tu kati ya wanne, kwa hiyo sitasema kwamba kipande kile kimewahi kuchezwa chote. Alinitangulia mpaka mwisho. Alipomaliza alifumba macho, mimi nikiwa nimebakiwa na hesabu sita. Nilidhani amelala, nikataka kuacha. Kisha nikaona kidole chake cha shahada kikigonga blanketi, moja, mbili, tatu, kikiningoja.

Nikaendelea kuimba mpaka kidole kikafika sita.